Risiti ya Saa Kumi na Dakika Hamsini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Dada, nisamehe. Daftari hili ulinipa siku unaondoka, wiki moja baada ya kumzika Baba, ukaniambia, "Mdogo wangu, andika hata mstari mmoja kwa siku, likijaa nitumie." Leo mwezi wa tano unakwisha na ukurasa wa kwanza una alama ya kikombe tu. Sina udhuru wa maana. Mtoto anaota meno, Mama analala kwa vipande, mume wangu yuko barabarani na lori lake, na mimi nikishika kalamu nasinzia. Lakini si uchovu peke yake. Nilijua nikianza kuandika nitaandika jambo moja tu, nalo ni Mwenyekiti.

Wewe ulikuja kwenye msiba ukaondoka, kwa hiyo nikueleze yale ambayo hatukuyasema mbele ya wageni. Siku ya mafuriko, Baba alikaa kwenye meza yake ya redio, hapa karibu na daraja, akaandika barua ya kuonya kwamba mto unapanda, akaituma hewani kwa Mwenyekiti wa klabu ya redio kule kilimani. Simu zilikuwa zimekatika kama kila mvua kubwa, na kitufe cha king'ora cha Mtaa wa Chini kiko nyumbani kwa Mwenyekiti. King'ora hakikulia. Maji yaliingia saa moja jioni, yakachukua nyumba tatu na watu wawili, mama na bintiye. Baba alikesha kwenye maji hayo akitoa majirani, mapafu yakaingiwa na baridi, siku ya tatu akalazwa. Akiwa kitandani hospitali, Mwenyekiti alisimama kwenye mkutano akasema, "Rafiki yetu wa darajani hakutuma kitu. Nadhani alipitiwa na usingizi."

Wiki saba baadaye tukamzika. Neno lake la mwisho lenye maana kwangu lilikuwa, "Nilituma. Kisanduku kikajibu kimepokea."

Sasa nimeshaandika.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nepi hazikauki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeteremsha mashine za Baba kutoka juu ya kabati. Kompyuta yake nzee, redio, na kile kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaripiwa tusikiguse? Unaandika kwenye kompyuta, kisanduku kinageuza maandishi kuwa milio, redio inairusha milio hewani, na upande wa pili kisanduku kingine kinaigeuza kuwa maandishi tena. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo inayoweka barua zilizoingia hata kama hakuna mtu mezani.

Lakini Baba alipokuwa hospitali, Mwenyekiti alikuja hapa "kusaidia." Alikichukua kisanduku kwenda kukipima kwake, akakirudisha baada ya siku mbili akamwambia Mama, "Shemeji, pole, kimekufa. Maji."

Maji hayakufika hata kwenye kizingiti cha nyumba hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda kwa Fundi. Yule wa pasi na redio, rafiki wa Baba wa miaka yote, ambaye kwenye mkutano ule alikaa kimya kama kaburi. Nilimkuta ana pasi tatu zimefunguliwa matumbo mezani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Mtoto ameshakuwa mzito, ama ni wewe umepungua?"

"Yote mawili. Nataka kuwasha kituo cha Baba."

Akaishika bisibisi bila kuitumia. "Cha nini?"

"Nataka kusoma kilichomo kwenye kisanduku."

"Si kilikufa?"

"Nani alisema kimekufa?"

Akaiweka bisibisi chini. Kisha akasema polepole kwamba yeye ana wajukuu, na Mwenyekiti ndiye anayetia sahihi leseni za watu za redio. Nikamwambia sikuja kumwomba ugomvi, nimekuja kumwomba disketi. Programu ya Baba ilikuwa kwenye disketi iliyoota ukungu kama mkate. Akainama chini ya meza, akatoa nyingine, akaifuta kwa shati. "Hii inaitwa terminali. Ni dirisha tu. Unachoandika kinakwenda kwenye kisanduku, kinachosema kisanduku unakiona. Haijui kingine."

Nilitoka pale namdharau. Disketi ilikuwa mfukoni mwangu, lakini namdharau.

Jumanne, 11 Machi

Jino la tatu. Sikugusa mashine.

Jumamosi, 15 Machi

Programu imeingia. Ikaniuliza maswali kama karani wa benki: mlango wa ngapi, yaani tundu gani la waya, kasi gani, herufi za biti saba au nane. Nilijibu kwa kubahatisha. Kioo kikabaki kitupu, kidoti kimoja tu kinapepesa kwenye kona.

Nikabadilisha mlango, kwa sababu wa kwanza ni wa kipanya. Kitupu. Nikashusha kasi hatua kwa hatua, elfu tisa na mia sita, elfu nne na mia nane, mia tatu. Kitupu. Fundi alisema kasi ikikosewa utaona takataka, alama za ajabu ajabu. Nilitamani hata takataka.

Mama alipita na beseni akasema, "Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki."

Nikamwambia, "Mama, mimi sizoi maji. Natafuta aliyemwaga."

Jumapili, 16 Machi

Kitupu.

Jumatatu, 17 Machi

Kitupu. Na mtoto ametapika kwenye kitabu cha maelezo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeona kitu. Nilikuwa nanyonyesha pale mezani, redio nimeiwasha kwa sauti ndogo, milio ya watu wa klabu inapita hewani, kra, kra. Kila mlio unapopita, taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku inawaka. Mlio unakatika, inazimika.

Maiti haipepesi macho.

Nilimwamsha mtoto kwa kuinuka ghafla. Alilia nusu saa, na mimi nilikuwa nacheka.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi amekuja mwenyewe, bila kuitwa, na mwavuli uliovunjika mbavu. Akasimama mbele ya kisanduku akiitazama ile taa, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

"Kinasikia," akasema. "Ila hakiongei na wewe."

"Kwa nini?"

Akavuta kiti. Kumbe visanduku hivi vina hali mbili. Moja ni hali ya kawaida, unakiamuru kwa maneno nacho kinajibu kwa maneno. Nyingine watu wa klabu wanaiita bubu. Kikiwa bubu hakisikii amri ya mtu, kinapokea namba tupu kutoka kwenye programu kubwa ya namna nyingine. Na programu kubwa ya namna hiyo hapa kwetu anayo mmoja tu. Ukiunganisha kisanduku chochote kwake, kompyuta yake inakitia bubu papo hapo, bila kuuliza. Na ukikizima ukakiwasha, bado ni bubu, mpaka kitolewe.

"Kwa hiyo alipokichukua..."

"Alipokichukua alikichomeka kwake, kikawa bubu. Akakirudisha hapa au akajaribu na programu nyingine, kioo kitupu. Akasema kimekufa." Fundi alikuwa anatazama chini, lakini mdomo ulianza kumcheza. "Na kikiwa bubu, binti yangu, hakuna anayeweza kusoma barua zilizomo. Wala kuzifuta."

Niliitazama tena ile taa. Kisha nikasema, "Kwa hiyo yeye mwenyewe amenifungia barua zisifutwe, na ufunguo ameuacha."

"Mimi sijasema hivyo."

"Mimi ndiye niliyesema."

Alitaka kukifungua atoe betri, eti hiyo ndiyo njia ya haraka, kinaamka kama kipya. Nikamzuia mkono. Kipya ni bila barua. Akapiga paji la uso wake: "Uzee." Kisha akaniandikia namba tatu kwenye kiganja cha mkono, maana karatasi yote pale ilikuwa imeloa. 192, 255, 192. Unashikilia kitufe cha Alt, unapiga namba ya kwanza upande wa kulia wa kibodi, unaachia. Ya pili, unaachia. Ya tatu. Hapo bubu anatoka.

Nikapiga ya kwanza. Ya pili ikakataa. Kitufe cha namba tano kimekufa. Wiki iliyopita mtoto alimwaga maziwa yake pale pale, nami nikafuta kwa kanga nikidhani yamekwisha.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimtazama mtoto, naye akanitazama, ana meno matatu na hana kosa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia mume wangu, yuko kituo cha mafuta mbali huko. Nikamwambia akirudi alete kibodi. Akasema, "Wenzako wanaagiza vitambaa." Nikamwambia aniletee kibodi na aje mwenyewe, kitambaa atajua yeye.

Jumamosi, 29 Machi

Mto umefika nguzo ya kwanza ya daraja. Kawaida kwa mwezi huu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimemwona Mwenyekiti sokoni akichagua nyanya, anabonyeza moja moja kwa kidole kama daktari. Akaniamkia, "Hujambo, mwanangu?" Sauti ya upole kabisa. Nilijibu sijambo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilirudi nyumbani nikaosha masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 6 Aprili

Dada, kaa chini kwanza.

Mume wangu amefika asubuhi, amelala na viatu, na kibodi iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa. Sikumwamsha. Nilimpa Mama mtoto, nikachomeka. Fundi alikuja saa nne akakaa nyuma yangu. Nikapiga namba ya kwanza, nikaachia. Ya pili. Ya tatu. Nikazima kisanduku, nikakiwasha.

Kioo kikajaa takataka.

Sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Fundi akasema, "Sasa kinaongea, wewe ndiye usiyekisikia. Weka elfu moja na mia mbili, biti saba." Nikaweka. Nikazima, nikawasha tena, nacho kikasema habari zake kwa herufi safi: jina lake, toleo lake, alama ya kituo cha Baba, yaani jina lake la hewani, na mstari mmoja chini: UNA BARUA 1.

Moja, Dada. Ilikuwa imekaa humo tangu Agosti.

Nikaandika amri ya kusoma. Haikuwa barua ya mtu. Ilikuwa risiti. Baba, kumbe, kwenye barua yake aliweka alama ya kuomba risiti, ambayo mashine ya kilimani huituma yenyewe pale mwenye barua anapoifungua. Nimeinakili hapa neno kwa neno:

BARUA YAKO KWA MWENYEKITI, KICHWA: MTO UNAPANDA PIGA KING'ORA. ILIINGIA 09 AGOSTI 16:10. ILISOMWA NA MHUSIKA 09 AGOSTI 16:52.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Maji yaliingia saa moja. Alikuwa na saa mbili nzima, barua iko mbele ya macho yake.

Baba hakuiona risiti hii kwa sababu kisanduku kilipojibu kwamba kimepokea, alitoka kwenda kugonga milango ya majirani. Hakukaa tena kwenye kiti hiki.

Fundi alivua miwani. "Nilikuwa kwenye mkutano ule," akasema.

"Najua."

"Nilijua baba yako halali mvua ikinyesha. Nilijua, na nikanyamaza."

Sikumwambia haidhuru. Lakini nilimwekea chai, na alipoondoka sikuwa namdharau tena kama mwanzo. Sasa ninaye mtu mmoja tu wa kumdharau, na hiyo inapumzisha.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeandika tangazo la mistari kumi, la kwenda kwa kila kituo cha klabu kwa mpigo. Lina risiti yote. Liko tayari kwenye kompyuta, kubonyeza tu. Fundi anasema nisubiri, mimi sina leseni. Bila yeye kukaa hapa naruhusiwa kusikiliza tu, na nikikosea hapo Mwenyekiti atapata la kusema. Atakuja Jumamosi tulitume pamoja kwa alama yake. Mzee yule ameamua kufa na mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nguzo ya pili. Mume wangu ameondoka kabla barabara haijafungwa. Amembusu mtoto, akaniambia, "Usipigane mpaka nirudi." Nikamwambia atakuta nimemaliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Saa tisa alasiri Mama aliingia ameloa hadi mifupa. Alikuwa darajani. Sikumtuma. "Nguzo ya tatu," akasema. "Maji yamepita alama ya baba yako." Ile alama nyekundu aliyoipaka, unaijua. Mwaka jana maji yalipofika pale ndipo Baba alipoketi mezani.

Simu hakuna mtandao. Umeme hakuna, lakini betri ya gari ya Baba ninayo chini ya meza. Fundi yuko ng'ambo ya barabara iliyogeuka mto, hawezi kuja. Nikawasha.

Tangazo langu lilikuwa limekaa pale pale kwenye kioo, kidole kimoja tu. Nitakuambia ukweli kwa sababu ni wewe. Nilikitazama kile kitufe. Nilifikiri, nitume kwanza hili, dakika tatu tu, wote wasome, halafu nitume onyo. Nilifikiri, safari hii akichelewa tena, ndiyo itamaliza kabisa jina lake. Wazo hilo lilipita kichwani mwangu, Dada, wakati mtoto wangu ameshika mguu wangu anajaribu kusimama.

Nikalifunga tangazo. Nikaita kituo cha kilimani moja kwa moja, kwa alama ya Baba, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kisanduku. Sikutaka kuacha barua kwenye sanduku lake, nilitaka yeye mwenyewe mezani, tuandikiane ana kwa ana. Nikaita mara nne. Ya tano, ikashika. Hivi ndivyo tulivyoandikiana, nimehifadhi yote:

NANI ANATUMIA ALAMA HII

BINTI YAKE. NIPO DARAJANI. MAJI YAMEPITA ALAMA YA NGUZO YA TATU. PIGA KING'ORA

Mstari ukaja.

HUNA LESENI. NI KOSA. TOKA HEWANI, NITATUMA MTU KUTHIBITISHA

Kutuma mtu, kutoka kilimani mpaka darajani, kwenye mvua ile. Ni saa nzima kwenda. Mama alikuwa nyuma yangu anasoma juu ya bega langu. Na Mama husoma polepole. Akasema, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ile ya saa kumi. Mwambie sasa."

Nikaandika:

BARUA YA BABA YA TAREHE 9 AGOSTI ULIIFUNGUA 16:52. RISITI NINAYO. HII UNAISOMA SASA HIVI SAA 15:31, NAYO NAIHIFADHI. PIGA KING'ORA HALAFU UNISHTAKI

Hakujibu. Niliona doti ikipepesa, nikahesabu mpaka ishirini, thelathini. Mtoto alikuwa ameachia mguu wangu amesimama peke yake, anayumba, na sikuweza hata kumfurahia. Nikafika arobaini na kitu.

Kisha Mama akainua kidole. Mbali, chini ya mlio wa mvua, kitu kilianza kulia, kwanza kama mbuzi, halafu kikapanda, kikajaa bonde lote.

Mama aliketi sakafuni na nguo zake zilizoloa akafunika uso kwa mikono. Mimi nililia kwa hasira tupu. Kwa sababu kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Chini ya dakika moja. Kubonyeza tu.

Jumapili, 13 Aprili

Nyumba tano zimekwenda katika Mtaa wa Chini. Watu, hakuna hata mmoja aliyekufa. Wote walikuwa wameshapanda shuleni na magodoro yao.

Alhamisi, 17 Aprili

Umeme umerudi. Sokoni wanasema Mwenyekiti ameokoa mji. Muuza vitunguu amenisimulia mimi, tena kwa ishara za mikono, jinsi mzee yule alivyoona kwa macho yake kutoka kilimani. Nilinunua vitunguu nikarudi.

Jumamosi, 19 Aprili

Fundi amepita. Anasema klabu imepanga mkutano mkuu tarehe 24 Mei, na wakazi wa Mtaa wa Chini wote wamealikwa. Watampa Mwenyekiti ngao ya shukrani. Fundi aliyasema hayo akinikwepa macho, akiogopa nitavunja kitu. Nikamwambia, "Vizuri sana. Tangazo la hewani wangelisoma watu arobaini. Huko watakuwa mia tatu."

Jumapili, 27 Aprili

Alikuja leo, kabla ya chakula cha mchana, peke yake, amevaa koti la mkutano. Mama alimkaribisha ndani kwa sababu Mama hajui kumwacha mtu mlangoni. Aliketi ukingoni mwa kochi. Dada, amekuwa mdogo. Shingo inaelea ndani ya kola. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya simba, akaja huyu.

"Mwanangu," akasema, "kwanza nikushukuru. Pili, mambo ya leseni nimeyamaliza, utafanya mtihani, nitausimamia mwenyewe."

"Na la tatu?"

Akasugua magoti. La tatu lilikuwa hili: kwenye mkutano atasimama aseme kwamba uchunguzi umegundua kuwa Baba alituma barua, ila ilipotea kwa hitilafu ya mitambo. Jina la Baba litasafika mbele ya watu wote. Hakuna atakayeumia.

Niliona macho ya Mama yamejaa. Aliitaka sana hiyo. Miezi minane amekuwa akipita pembeni mwa njia sokoni.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukupiga?"

Mtoto akatambaa akashika kiatu chake. Hakukivuta. "Baba yako alishanionya mara mbili katika mvua zile," akasema. "Mara zote mbili nilipiga. Watu wakakimbia na watoto na magodoro, maji hayakuja. Walinicheka wiki nzima, vijana wakiniona wanalia kama king'ora. Ile ya tatu niliisoma, nikasema ngoja kidogo. Nilisema ngoja nione."

"Uliogopa kuchekwa."

"Ndiyo."

"Na alipolazwa ukasema alilala."

Akainama akakitazama kiatu, mtoto bado amekishika. Nilimhurumia. Naliandika hili ili ujue sijageuka jiwe. Ningemsamehe kuogopa. Hata mimi juzi nilikitazama kitufe vibaya. Lakini kusema mgonjwa kitandani alilala, na kuja kumchukulia kisanduku chake, hiyo haikuwa hofu, hiyo ilikuwa kazi aliyoipanga akaifanya kwa miguu yake mpaka hapa.

Nikamwambia, "Mzee, mitambo ndiyo pekee iliyosema kweli katika jambo hili. Siwezi kuisingizia."

"Utaniua, mwanangu."

"Hapana. Nitakusoma tu."

Alipoondoka Mama hakunisemesha mpaka jioni. Kisha, tukiwa tunakunja nguo, akasema, "Baba yako angekubali."

"Najua, Mama."

"Alikuwa mpole mno." Akakunja shuka, akalipiga kwa kiganja likalala. "Ndiyo maana ilikuwa rahisi kwao."

Ijumaa, 2 Mei

Jino la tano. Mvua zimekatika, nepi zinakauka kwa saa mbili.

Jumapili, 11 Mei

Mwenyekiti ametuma watu wawili kuniomba, mmoja baada ya mwingine. Wa pili alisema mzee hali chakula. Nilimwambia awape pole nyumbani, nami nikala vizuri. Fundi ataongoza ule mkutano wa ngao, ameomba mwenyewe, na amesema atanipa nafasi kabla ya ngao, si baada. Ndugu wa yule mama aliyekufa na bintiye nimekwenda kuwaona. Sikuwaambia chochote, nimewaomba tu wakae mstari wa mbele.

Daftari nalifunga leo, mume wangu anapita kesho kuja upande wako na atarudi tarehe 20. Kwa hiyo tafadhali mpe mkononi, usitume kwa mtu mwingine, vitu hivi hasa:

Utepe mweusi wa printa ya Baba, ile ya sindano ishirini na nne. Tepe mbili, sio utepe mmoja, wa kwanza nao ukikwama.

Karatasi zenye matundu pembeni, boksi moja lisilofunguliwa. Nakala za risiti ni mia tatu na kumi. Nimehesabu pamoja na watoto wanaojua kusoma.

Betri ya kidonge ya volti tatu, ya kisanduku. Fundi atachomelea mpya kabla ya kutoa ya zamani, ili risiti isipotee hata kwa pumzi moja.

Picha ya Baba uliyoondoka nayo, akiwa mezani. Nitakurudishia.

Dawa ya fizi ya mtoto, ya bomba jekundu, maana ya hapa haisaidii.

Na viatu vya mtoto vya kufunga kamba, namba ishirini na moja. Ameanza kutembea Alhamisi. Nataka aingie ukumbini kwa miguu yake, na awe amesimama nitakapoanza kusoma.